Kabla Hujaenda Luthuli Kununua Betri

Laptopu ikikwama kwenye asilimia saba na chaja iko ukutani, wengi wetu huwa tumeshatoa hukumu: betri imekufa. Mtu anashuka kutoka Mountain View hadi Waiyaki Way, anadandia matatu ya kwenda mjini, na kabla ya saa sita yuko Luthuli Avenue akibishania bei. Huenda amepatia. Huenda pia anatia betri nzuri kwenye mashine ambayo ubovu wake ni chaja ya wati pungufu, tundu lililolegea, au feni iliyozibwa na vumbi; na hapo betri hiyo mpya nayo haitakawia kuchoka.

Usinunue kipuri chochote kabla hujajua kipi kimekufa, na upimaji uanze na ule usiogharimu hata shilingi. Wala usiyatenge matatizo ya chaji na ya joto, kwa kuwa kwenye mashine kuukuu moja huzaa jingine: joto huila betri, na betri iliyochoka huifanya mashine iishi kwenye chaja saa zote, ikiwa imejaa na imechemka.

Laptopu ninazozizungumzia mnazijua. Ni zile zinazouzwa kwa jina la “ex-UK”: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude, zilizotumikia ofisi za ng’ambo kwa miaka kadhaa kabla ya kufika huku. Ni mashine imara, na mimi binafsi ningechukua ThinkPad ya mkono wa pili kuliko laptopu mpya ya plastiki ya bei hiyohiyo. Lakini huja na historia yake, na sehemu ya historia hiyo imejificha kwenye betri.

Anza na chaja, tena uanze kwa kuisoma. Mgongoni mwake pameandikwa nguvu inayotoka, kwa volti na ampea. Zidisha moja kwa nyingine upate wati. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Ya Lenovo ya volti 20 na ampea 3.25 ni ya wati hizohizo. Volti lazima zilingane na zinazotakiwa na laptopu. Ampea zikizidi si neno, maana mashine huvuta kiasi inachohitaji. Zikipungua ndipo mambo yanapoharibika. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayotaka 65 itaiwasha vizuri na kuonyesha alama ya chaji, lakini ukifungua kivinjari chenye vichupo ishirini na mkutano wa video juu yake, asilimia zinaanza kushuka huku waya umechomekwa. Ukizima ukalala, asubuhi unaikuta imejaa. Ukiona hivyo, betri haina kosa.

Dell na HP za tundu la duara zina kasheshe yake. Ule mchuma mwembamba ulio katikati ya ncha ya chaja haubebi umeme wa kuendeshea mashine. Kazi yake ni kuijulisha laptopu chaja ni ya aina gani. Ukipinda au ukivunjika, laptopu inaweza kuwaka lakini ikakataa kuchaji, na kwenye Dell mashine hujipunguza kasi yenyewe na kutoa onyo kwamba haiitambui chaja. Mwenye mashine anasema betri imekufa na laptopu imezeeka, kumbe ni ncha tu. Wenye laptopu za USB-C nao wajue kwamba kebo si kebo tu: ya kawaida hubeba ampea 3, yaani wati 60 kwa volti 20, na ile ya simu iliyo droo­ni huenda isifikishe hata hapo.

Baada ya kusoma, azima. Katika fleti yoyote ya Mountain View au Kangemi hukosi jirani mwenye EliteBook kama yako. Chaja yake ikichaji mashine yako, umekwisha kupata jibu, na gharama ni kikombe cha chai.

Kuna na habari ya stima yenyewe. Umeme wetu ni wa volti 240, na chaja halisi huvumilia kuanzia 100 hadi 240, kwa hiyo kupungua kidogo hakuiumizi. Kinachoiumiza ni ule mruko stima inaporudi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani na hata uwanja wa ndege wa JKIA kukosa taa, hakuna aliyehitaji kuambiwa achomoe. Ni kule kukatika kwa dakika kumi mtaani ndiko tunakokudharau. Stima ikipotea, chomoa. Ikirudi, ngoja dakika chache kabla ya kuchomeka tena. Kifaa cha kinga kama kile cha friji au televisheni hukufanyia ungojaji huo na hugharimu kidogo kuliko chaja halisi. Na ukihisi mtekenyo unapopitisha vidole kwenye bati la laptopu inayochajiwa, tazama soketi: huenda waya wa ardhi haupo, au umetumia adapta ya pini mbili. Kwa kawaida mtekenyo huo hauleti madhara makubwa, lakini mwite fundi wa stima aiangalie soketi, kwa sababu siku kifaa kingine cha chuma kitakapoharibika ndani, waya huo ndio utakaokulinda.

Sasa tundu la laptopu. Chomeka chaja, kisha itikise ncha polepole huku ukitazama taa. Ikiwaka na kuzimika, tundu limelegea au waya umekatika ndani karibu na shingo ya chaja. Kwenye EliteBook na Latitude nyingi zenye tundu la duara, tundu hilo limefungwa kwenye waya wake mfupi, na fundi hulibadilisha kwa bisibisi tu bila kulehemu. Tundu la USB-C mara nyingi limelehemiwa kwenye bodi yenyewe, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye hadubini na mkono uliotulia. Jua lako ni lipi kabla ya kuambiwa bei.

Kabla ya kufungua chochote, jaribu kuiamsha upya. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, toa betri ikiwa ni ya kutoka, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Rudisha chaja, washa. ThinkPad nyingi zina kitundu kidogo chini, cha kuchomekwa pini ya karatasi, kinachofanya kazi hiyohiyo. Kinachotokea ni kwamba kile kisaketi kinachosimamia chaji kinasahau hali iliyokikwamisha. Si uganga, na husaidia mara nyingi kiasi cha kustahili kujaribiwa kwanza. Kama betri yako ni ya kutoka, iondoe kisha uendeshe laptopu kwa chaja peke yake: ikifanya kazi bila taabu, na wati na ncha ya chaja umeshazihakiki, chaja na tundu vimeondolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Halafu kuna hili ambalo wauzaji wengi hawakuelezi. Mashine iliyotoka ofisini huja na mipangilio ya ofisi. Mfanyakazi wa huko alikuwa na laptopu mezani siku nzima ikiwa kwenye chaja, kwa hiyo kampuni iliweka kikomo cha chaji ili betri idumu. Kwenye HP hukaa ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, unayoingia kwa kubonyeza F10 mashine inapowaka. Kwenye Dell ni F2. Kwenye Lenovo hupatikana katika programu ya Vantage. Kwa hiyo laptopu inayokataa kuvuka asilimia 80, au ThinkPad inayogoma kuchaji mpaka ishuke chini ya 75, huenda ni nzima kabisa na inatii amri ya mtu asiyeijua Nairobi. Ukiigundua amri hiyo, usikimbilie kuifuta. Nitaeleza kwa nini. Wenye ThinkPad za ukoo wa T440 hadi T480 wakumbuke pia kwamba nyingi zina betri mbili, moja ndani na moja ya nje, na mashine huzichaji kwa zamu. Ile moja iliyokaa bila kupanda haimaanishi imekufa, inasubiri mwenzake.

Ukishapita hapo ndipo uiulize betri yenyewe. Kwenye Windows, andika cmd katika sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mashine itakuonyesha mahali ilipoweka ripoti. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo iliobaki nao leo. Kwa mfano, iliyozaliwa na 50,000 ikabaki na 31,000 ina asilimia 62 ya nguvu zake. Kwenye MacBook, shikilia kitufe cha Option ukibofya alama ya tufaha, fungua maelezo ya mfumo, uende sehemu ya Power. Hapo utaona mizunguko ya chaji, na MacBook za miaka mingi sasa zimepangiwa mizunguko 1,000.

Hukumu yangu ni hii: juu ya asilimia 70, iache betri na utafute kosa kwingine. Kati ya 45 na 70, ishi nayo ikiwa kazi yako iko karibu na soketi. Chini ya hapo, nunua. Kuna hali moja ya kutatanisha, ripoti inapoonyesha betri nzuri lakini mashine inazima ghafla kwenye asilimia 30. Huenda hesabu ya betri imepotoka. Ijaze kabisa, itumie bila chaja mpaka ikaribie kuisha, kisha ijaze mfululizo bila kukatiza. Fanya hivyo mara moja tu. Ikizima tena palepale, seli moja ndani imeshindwa, na hapo hakuna dawa ila betri nyingine.

Ripoti hiyo pia ndiyo silaha yako dukani. Kabla hujalipia ex-UK, iendeshe palepale kwenye kaunta. Muuzaji atakuonyesha asilimia 100 kwenye kona ya skrini. Hiyo inasema tu kwamba betri imejazwa hadi mwisho wa uwezo wake, hata kama uwezo wenyewe ni wa nusu saa.

Tuje kwenye joto, maana hapa ndipo betri nyingi zinapofia.

Seli ya lithiamu iliyojaa hufikia volti 4.2, na kemikali zake huchakaa upesi zaidi zikikaa kwenye kilele hicho na kwenye joto kwa pamoja. Fungua laptopu uone betri inapolala: chini ya pale unapopumzisha viganja, umbali wa vidole vichache kutoka kwenye bomba la shaba linalobeba joto la prosesa. Prosesa za Intel huvumilia hadi karibu nyuzi 100 kabla ya kujipunguza kasi. Betri haina uvumilivu huo. Seli nyingi hazitakiwi kuchajiwa zikipita nyuzi 45 hivi, na saketi ya ulinzi hukata chaji kabla madhara hayajatokea. Ndiyo sababu laptopu nyingine hugoma kuchaji mchana katikati ya mkutano wa video na kukubali usiku ikiwa imezimwa. Fundi akiichaji kwenye meza yake ya baridi itajaa vizuri, atakwambia haina tatizo, na utarudi nyumbani ukidhani laptopu inakuonea.

Nairobi ina mambo mawili yanayopingana katika hili. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita, kwa hiyo kila mzunguko wa feni hubeba hewa pungufu. Baridi yetu hufidia. Ila baridi hiyohiyo ndiyo hutufanya Julai tuingie na laptopu ndani ya blanketi, na blanketi huziba matundu yote ya hewa yaliyo chini. Godoro hufanya vivyo hivyo. Weka mashine juu ya kitu kigumu, na chini ya miguu yake ya nyuma weka vifuniko viwili vya chupa za soda. Naam, vifuniko vya soda. Huinua mashine sentimita moja hivi, hewa inapita, na kwa laptopu inayovuta hewa kutoka chini, mara nyingi nafuu yake hushinda zile stendi za feni zenye taa za buluu zinazouzwa mjini.

Vumbi nalo ni la kwetu hasa. Anayeishi kando ya Waiyaki Way aliliona wakati wote barabara ilipokuwa ikipanuliwa kutoka James Gichuru hadi Rironi, na udongo mwekundu wa upande wa Kabete ni laini kiasi cha kuingia popote. Ndani ya laptopu hukusanyika kati ya feni na vile vipezi vya kutolea joto, na kwa miaka hushikana na nyuzi za nguo kuwa kama kipande cha blanketi. Kwa nje huoni kitu. Unasikia feni ikilia na hewa inayotoka ubavuni ni hafifu. Kupuliza kutoka nje husukuma vumbi ndani zaidi, kwa hiyo dawa ni kufungua kifuniko cha chini. Mashine iwe imezimwa na betri imetenganishwa kwanza. Feni ishikiliwe isizunguke wakati wa kupulizwa, kwa sababu blowa zile za mafundi huizungusha kwa kasi isiyoumbiwa na kuharibu beringi zake.

Hapo hapo, mashine ikiwa wazi na ina miaka mitano au zaidi, lipia pia kubadilishwa kwa ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na shaba. Ikikauka huwa kama chokaa na haipitishi joto. Ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayeijua, na mara nyingi huleta nafuu kuliko kipuri chochote utakachouziwa siku hiyo.

Lakini kabla ya kufungua, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uangalie ni programu gani inayoila prosesa. Kivinjari kilichojaa vichupo, masasisho yasiyokwisha, au programu mbili za kuua virusi zinazopigana zinaweza kuichemsha mashine safi kabisa. Na ikiwa mipangilio ya nguvu ya mashine yako inaonyesha kiwango cha juu cha prosesa, kishushe kutoka asilimia 100 hadi 99. Inaonekana mzaha, lakini kwa prosesa nyingi huzima ule mwendo wa ziada unaozalisha joto jingi. Kwa kuandika, kusoma barua pepe na kutazama filamu ni nadra kuona tofauti. Kamwe usiweke laptopu kwenye friji. Unyevu utakaoganda ndani yake utakugharimu bodi.

Jambo moja halitaki kujaribujaribu: betri iliyovimba. Dalili ni padi ya kugusa iliyopanda au kugoma kubofyeka, kifuniko cha chini kilichoachana, au laptopu inayoyumba mezani. Acha kuichaji mara moja. Usiitoboe kutoa hewa, usiibane irudi, usiitumie “hadi mwisho wa mwezi”. Hata makampuni makubwa yamewahi kuadhirika hapa: Agosti 2006 Dell iliwataka wateja warudishe betri milioni 4.1 zenye seli za Sony kwa kuwa zilikuwa na hatari ya kuwaka moto. Itolewe na fundi, ikae nje ya nyumba kwenye chombo cha udongo au ndoo ya mchanga, mbali na watoto. Usiitupe kwenye taka za nyumbani, maana itapondwa ndani ya lori au itaishia Dandora na kumchoma mtu anayechambua taka. Hapa Nairobi WEEE Centre hupokea taka za kielektroniki, betri zikiwemo. Wapigie kwanza uulize namna ya kuifikisha.

Ukilazimika kununua betri, nenda na msimbo ulioandikwa juu ya betri yenyewe, usiende na jina la laptopu tu. EliteBook 840 G3 hutumia CS03XL na G5 hutumia SS03XL. Laptopu zinafanana kwa jina, lakini betri zake hazibadilishani. Tazama tarehe ya kutengenezwa, kwa sababu lithiamu huzeeka hata ikiwa rafuni, na betri halisi iliyokaa dukani miaka mitano si mpya. Omba risiti yenye siku za dhamana, kisha uzitumie siku hizo kweli: ijaze, itumie hadi ishuke, endesha ripoti, gusa chini ya mashine uone kama inachemka bila sababu. Na fundi wa mjini au wa Kangemi, yeyote yule, afungue ukiwa umekaa mbele yake. Piga picha ya ndani kwanza, memori na diski zikionekana. Fundi mzuri hakasiriki.

Je, gharama inafaa? Mimi huweka mpaka kwenye robo: matengenezo yote yakizidi robo ya bei ambayo ungenunulia mashine kama hiyo leo, fikiria mara mbili. Tazama pia prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel hutaka kwa kawaida kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 840 G5 au ThinkPad T480 inastahili betri nzuri na pesti mpya. Ya kizazi cha 6 bado inafaa ukiitumia na Linux, au kama mashine ya kukaa mezani kwa kazi za shule za watoto, na kwa kazi hiyo betri ya asilimia 40 inatosha kabisa kuvusha dakika chache za stima kupotea.

Ukishaweka betri mpya, rudi kwenye ile amri ya mwenye ofisi wa ng’ambo na uiwashe: kikomo cha asilimia 80 kwa siku zote unazofanyia kazi nyumbani. Iondoe usiku wa kuamkia safari, au siku Kenya Power wametangaza kwamba watakata stima mtaani kwenu.